Kinyama kimesema hakuna kansa, mbona daktari anataka kupima tena umio?

"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 54. Kama miezi mitano iliyopita alianza kulalamika chakula kinakwama kifuani, hasa nyama na mkate mkavu, vitu laini na maji vinapita. Akaingizwa kamera wakakuta uvimbe kwenye umio, katikati kuelekea chini, kama sentimita 3, juu yake kuko laini hakuna kidonda. Wakatoa vinyama vinne, majibu yakarudi hakuna seli za kansa, tishu ya kawaida. Tukamshukuru Mungu tukajua yameisha. Sasa daktari anamwita tena, anataka afanyiwe kamera yenye ultrasaundi na pengine achomwe sindano kwenye uvimbe. Mama kagoma, anasema kama kansa hakuna wanatafuta nini tena. Shangazi anasema uvimbe ukichomwa ndo unaamka unasambaa. Kuna mtu katushauri tupime tu damu ya kansa inatosha. Mimi nimesomasoma nimekuta majina ya uvimbe nadra wa umio mengi mpaka sijui nishike lipi. Je majibu ya kwanza yalikuwa ya uongo? Tufanyeje?"

Marahaba mwanangu, na poleni sana. Swali lako nimelisoma mara mbili kwasababu ndani yake kuna maswali kama manne, na naona yote yanatoka sehemu moja: nyie mnaamini kile kinyama kilitoka kwenye ule uvimbe. Kwa jinsi ulivyoeleza, karibu nina hakika hakikutoka kwenye uvimbe. Tukielewana hapo tu, hofu ya mama, maneno ya shangazi na habari ya kipimo cha damu vyote vitakaa mahali pake.

Kwanza majibu hayakuwa ya uongo. Yalikuwa ya kweli kabisa, ila yalikuwa ya kweli kwa kile kipande kilichokatwa. Maabara haioni uvimbe, haioni mgonjwa, inaona vipande vidogo vya milimita mbili tatu vilivyoletwa ndani ya kichupa, na mtaalamu wa patholojia anaandika alichokiona humo. Akiona tishu ya kawaida anaandika tishu ya kawaida. Sasa kama kikoleo, kile kijikoleo kidogo cha kamera kinachong'ata nyama, kilichuna ngozi iliyo juu ya uvimbe na uvimbe wenyewe uko chini zaidi, hayo majibu yanakwambia ngozi ya juu ni nzima, basi. Kuhusu uvimbe bado hamna mtu aliyesema neno.

Nikueleze umio ulivyo. Ni mrija wa misuli, kwa mtu mzima una urefu wa kama sentimita 25, unaanzia kooni unapita nyuma ya bomba la hewa na nyuma ya moyo mpaka kwenye tumbo la chakula. Ukuta wake una tabaka kadhaa. Ndani kabisa, pale chakula kinapogusa, kuna utando mwororo, chini yake kuna tabaka laini lenye mishipa ya damu na tezi za ute, chini tena ndo kuna misuli yenyewe inayosukuma tonge, ya ndani imezunguka kama pete na ya nje imelala kwa urefu, halafu nje kabisa ni tishu legelege inayoushikiza umio kwa majirani zake. Kamera ya kawaida inaona utando tu. Kikoleo chake kinang'ata utando tu, mara chache kinagusa kidogo tabaka la pili. Umeshaona mtu ana uvimbe wa mafuta chini ya ngozi ya mkono, ukiubonyeza unateleza? Ukikwangua ngozi ya juu ya ule uvimbe ukaipeleka kupima wataona ngozi nzima, na uvimbe utakuwa palepale umetulia.

Sasa utajiuliza kwanini basi kamera na kinyama vinasifiwa sana kwa kansa ya umio. Vinasifiwa kwa haki. Zaidi ya asilimia 95 ya kansa zinazoanzia kwenye umio ni za aina mbili tu, ile ya seli bapa zinazotandaza umio na ile ya seli za tezi inayotokea zaidi sehemu ya chini karibu na tumbo, na zote mbili zinaanzia kwenye utando wa juu kabisa, pale pale kikoleo kinapong'ata. Zinaleta kidonda, zinaleta nyama iliyokunjamana inayotoka damu ukiigusa, na daktari akitoa vipande sita au zaidi kutoka sehemu mbalimbali za kidonda kwa kawaida majibu yanapatikana. Uvimbe wa mama haufanani na hizo. Uko laini, hauna kidonda, ngozi ya juu imeteleza. Hiyo picha inasema uvimbe umeota chini ya utando na unausukuma utando uinuke. Kwa hiyo daktari wenu hajachanganyikiwa wala hatafuti kansa kwa lazima, ameelewa kwamba kifaa cha kwanza kilikuwa kifupi kwa kazi hii.

Uvimbe wa chini ya utando wa umio, unaoongoza ni leiomioma. Huu ni uvimbe wa misuli laini, sio kansa, na ndo uvimbe usio wa kansa unaopatikana mara nyingi kuliko wote kwenye umio. Unapenda sehemu ya kati na ya chini kwasababu huko ndo kuna misuli laini, juu karibu na koo misuli ni ya aina nyingine, kama ile ya mkono. Wengi wanaokutwa nao wana umri kati ya miaka 20 na 50 hivi, na wanaume ni wengi kuliko wanawake, lakini mwanamke wa miaka 54 kuwa nao sio ajabu. Unakua polepole sana, miaka na miaka, na wengi wanakaa nao bila kujua, unakuja kuonekana siku mtu anapigwa picha ya kifua au anaingizwa kamera kwa shida nyingine. Mimi ukiniambia nibashiri bila kupima, ningesema mama ana leiomioma. Ila kubashiri sio kupima.

Kinachotuzuia kuishia hapo ni uvimbe unaoitwa GIST. Kwa macho ya kamera GIST na leiomioma ni mapacha, wote laini, wote chini ya utando, wote kwenye tabaka la misuli. Tofauti ni kwamba GIST ina uwezo wa kuwa kansa, inaweza kukua na kupeleka mbegu kwenye ini. Habari njema ni kwamba kwenye umio GIST ni adimu, ni kinyume na tumboni ambako GIST ndo nyingi na leiomioma chache. Zamani hata maabara zilikuwa hazitofautishi, GIST nyingi zilikuwa zinaandikwa ni uvimbe wa misuli, mpaka mwaka 1998 watafiti wa Japani akiwemo Seiichi Hirota walipoonyesha kwamba seli za GIST zina hitilafu kwenye jeni ya KIT, yaani kile kitufe kinachoiambia seli ijigawe kimekwama kwenye kuwaka. Ugunduzi huo ndo ulifungua mlango wa dawa ya imatinibu, vidonge vinavyozima kile kitufe, na kabla ya hapo mgonjwa ambaye GIST yake haikatwi kwa upasuaji hakuwa na cha maana cha kupewa. Kwa hiyo jina la uvimbe sio la kuandika kwenye faili tu, jina ndo linaamua mama anatibiwaje au kama anatibiwa kabisa.

Hapo ndo inapoingia kamera yenye ultrasaundi. Kwa mama itakuwa kama ile ya kwanza, anapewa dawa ya usingizi, mrija unaingia mdomoni, ila kwenye ncha yake kuna kidude kinachotoa mawimbi ya sauti. Badala ya kuangalia ukuta kwa juu tunauangalia kwa upande, kama mkate uliokatwa ukaona matabaka. Umio unaonekana una mistari mitano, mweupe mweusi mweupe mweusi mweupe, na mstari wa nne mweusi ndo misuli. Tunaangalia uvimbe umetoka mstari upi, una rangi gani, mipaka yake imekaa sawa au imechongoka, na jirani kuna tezi za limfu zilizovimba au hamna. Uvimbe wa mafuta unang'aa mweupe kwenye mstari wa tatu, ukiuona hivo kazi imekwisha, hamna haja ya sindano. Kifuko cha maji kinaonekana cheusi tii ndani hamna kitu. Leiomioma na GIST zote ni nyeusinyeusi kwenye mstari wa nne, na hapo ultrasaundi peke yake inafika mwisho wake. Nakwambia hili mapema ili msije mkategemea picha pekee imalize swali, inaweza ikamaliza na inaweza isimalize.

Tena ile picha ina kazi moja ambayo watu hawaijui. Kuna vitu vinaonekana kama uvimbe wa umio kumbe sio vya umio kabisa. Mshipa mkubwa wa damu uliopita vibaya unaweza kuubonyeza umio kwa nje, moyo uliotanuka unaweza, tezi za limfu za kifuani zilizovimba kwa TB zinaweza, na ukiwa ndani na kamera unaona tu kilima kimeinuka. Kuna mishipa ya damu iliyovimba kwa ugonjwa wa ini, ukiing'ata kwa kikoleo ukidhani ni uvimbe utaleta damu ya kutisha. Kwa hiyo mtu anayetaka kuangalia kwa ultrasaundi kabla ya kukata tena ni mtu makini, mshukuruni.

Nije kwenye sindano, maana naona hiyo ndo inamtisha mama kuliko yote. Sindano inapita ndani ya mrija uleule, daktari anaiona kwenye kioo ikiingia kwenye uvimbe, inatoa uzi mwembamba wa nyama, na mama anakuwa amelala. Shangazi hajatunga, hofu ya kusambaza seli kwa sindano ni ya zamani na sisi wenyewe madaktari tunaipima kila mara, ila kwa uvimbe wa namna hii unaochomwa kutokea ndani ya njia ya chakula, kesi zilizoripotiwa za seli kusambaa kupitia njia ya sindano ni chache mno. Uvimbe haulali wala hauamshwi na sindano. Kinachofanya watu waamini hivyo ni kwamba wengi wanachomwa sindano wakati ugonjwa umeshakwenda mbali, halafu wiki chache baadaye hali inakuwa mbaya, na sindano inabaki kuwa ndo kitu cha mwisho kukumbukwa. Hatari ambazo mimi ningewaambia kwa uso mkavu ni nyingine: kutoka damu kidogo, maambukizi hasa kama kile kitu ni kifuko cha maji, ndo maana kifuko kikijulikana kwa picha kwa kawaida hatukichomi, na hatari inayotokea zaidi kuliko zote, kwamba sindano inaweza kutoa nyama kidogo isiyotosha mkalazimika kurudia.

Nyama ikipatikana kazi inahamia maabara, na hapo kuna kitu cha kuuliza. Kwenye hadubini ya kawaida leiomioma, GIST na uvimbe wa ala za neva unaoitwa shwanoma vyote ni seli ndefundefu zimelala pamoja, vinachanganya. Kinachotenganisha ni rangi maalumu zinazoshika protini fulani tu. GIST inashika CD117 na DOG1, leiomioma inashika desmini na aktini ya misuli laini lakini CD117 haishiki, shwanoma inashika S100. Ripoti ikirudi imeandikwa uvimbe wa seli ndefu bila kutaja rangi hizi, ulizeni kwa upole kama zimefanyika au kama kipande kinaweza kupelekwa maabara inayozifanya. Hamjakosea adabu mkiuliza hivyo, na mtaalamu wa patholojia mwenyewe huwa anafurahi akiletewa historia nzima ya mgonjwa pamoja na kichupa, maana mara nyingi karatasi inayomfikia imeandikwa neno moja tu, umio.

Umesema umekuta majina mengi, na nisingependa uhangaike na yote, ila yako machache nitakutajia kwasababu yanafundisha kwanini kinyama kinaweza kukudanganya kwa pande zote mbili. Kuna uvimbe wa seli za chembechembe, Mrusi Abrikossoff aliuelezea mwaka 1926 akadhani ni wa misuli, baadaye ikajulikana unatoka kwenye ala za neva. Kwenye umio unakuwa mdogo, wa njanonjano, mgumu ukiugusa. Karibu wote sio kansa. Ila una tabia moja mbaya, ngozi iliyo juu yake inaota mizizi ya kushuka chini inayofanana sana na kansa ya seli bapa, na kama kinyama kilikuwa cha juujuu mtu anaweza kuambiwa ana kansa wakati hana. Mgonjwa akifanyiwa upasuaji mkubwa kwa kosa hilo hakuna wa kumrudishia umio wake. Kwa upande wa pili kuna kansa ya seli bapa inayoota kama chunjua, juu ni nene na nyeupe, na vinyama vya juujuu vinarudi kila mara vimeandikwa hakuna kansa, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, huku mgonjwa anaendelea kushindwa kumeza. Pale ambapo macho ya daktari na karatasi ya maabara vinapingana, hakuna anayetakiwa kushinda, inatakiwa nyama nyingine ya ndani zaidi.

Kuna melanoma ya umio, yaani kansa ya seli zinazotengeneza rangi ya mwili, adimu sana, inaweza kuwa nyeusi au isiwe na rangi kabisa, na ikikosa rangi inaandikwa kirahisi kwamba ni kansa ya kawaida isiyoeleweka mpaka rangi maalumu zifanyike. Kuna kansa ya seli ndogo, kama ile ya mapafu, ambayo inakimbia haraka na silaha yake kubwa ni dawa za kemo kuliko kisu, tena ikionekana kwenye umio lazima mapafu yaangaliwe isije ikawa imetoka huko. Kuna limfoma, kansa ya seli za limfu, nayo upasuaji sio tiba yake kuu. Hizi nakutajia sio kwamba namhisi nazo mama, picha yake haifanani nazo, ila uone kwamba kila moja ina tiba yake tofauti kabisa na mtu akitibiwa bila jina sahihi anaweza kukatwa asipotakiwa kukatwa.

Na kuna moja inayopita mbele ya macho ya kamera bila kuonekana. Ni uvimbe mrefu kama ulimi unaoning'inia kutoka juu ya umio, umevikwa utando wa kawaida kabisa, na mwenye kamera akipita haraka anadhani ni ukuta. Wengine wanakuja kujua siku mgonjwa anakohoa au kutapika na kitu kinatokea mdomoni, na hiyo ni hatari kwasababu kinaweza kuziba njia ya hewa. Zamani uliitwa polipu ya nyuzinyuzi na mishipa, siku hizi imeonekana mingi kati yake ni kansa ya mafuta inayokua taratibu, na inajulikana kwa kupima jeni ya MDM2.

Kipimo cha damu, nakuomba usikitegemee. Hakuna kipimo cha damu kinachoweza kusema uvimbe wa chini ya utando wa umio ni wa aina gani. Vile vinavyoitwa vipimo vya damu vya kansa vinaweza kuwa juu kwa mtu asiye na kansa na vinaweza kuwa vya kawaida kwa mwenye kansa, kwenye kesi kama ya mama vikiwa vizuri vitawapa raha ya uongo na vikiwa vibaya vitawapa hofu ya bure. Siti skani ya kifua na tumbo ni kitu kingine, hiyo ina maana, inaonyesha ukubwa, uvimbe umegusana na nini, ini na mapafu vikoje. Peti skani, ile picha inayoonyesha sehemu zinazotumia sukari nyingi mwilini, nayo mtu asiwaambie kwamba ikiwaka basi ni kansa, leiomioma zinaweza kuwaka vizuri tu na zikawa sio kansa.

Sasa nikwambie kitu ambacho hukuuliza ila kinanikaa rohoni. Uvimbe wa sentimita 3 ulioko upande mmoja wa ukuta mara nyingi hausababishi chakula kukwama, umio unatanuka, na leiomioma nyingi zinaanza kusumbua zikiwa kubwa zaidi, tunasema kwenye sentimita 5 hivi. Inawezekana ni uvimbe ndo unamkwamisha. Inawezekana pia uvimbe umekutwa tu njiani na kinachokwamisha nyama ni kitu kingine, kama makovu ya asidi, mzio wa umio, au misuli ya chini isiyofunguka vizuri. Kwa hiyo wakati wa kurudi muulizeni daktari mambo mawili: kama vinyama vya utando mzima vilitolewa pia juu na chini ya umio kuangalia mzio, na kama anaona haja ya kipimo cha kumeza bariamu, ile dawa nyeupe inayoonekana kwenye eksirei, au kile cha kupima msukumo wa misuli ya umio. Nimeshakutana na mgonjwa aliyetolewa uvimbe salama salimini halafu nyama ikaendelea kukwama vilevile, kwasababu tulishika kitu kilichoonekana tukaacha kutafuta.

Na tukiwa hapo kuna kosa langu lingine nalikumbuka. Miaka ya mwanzo ya kazi nilikutana na uvimbe kama huu wa mama, nikang'ata mahali pamoja mara nyingi, kipande juu ya kipande, nikitaka nifike chini. Sikupata kitu cha maana. Ila pale nilipong'ata pakaweka kovu, utando ukagandana na uvimbe, na daktari wa upasuaji alipokuja kuutoa utando ukachanika, mgonjwa akakaa wodini muda mrefu kuliko alivyostahili. Leiomioma ikiwa haijaguswaguswa inachomolewa kutoka kwenye misuli kama mbegu inavyotoka kwenye tunda, utando unabaki mzima. Ndo maana kama kuna mtu atawashauri mrudie tu kamera ya kawaida na vinyama vingi zaidi mahali palepale, mimi nisingekubali haraka. Bora ultrasaundi kwanza.

Baada ya vipimo njia ziko tatu na zote zina haki yake. Ikithibitika leiomioma na mama akawa hana shida ya kumeza, anaweza kuachwa, na mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2022 unasema kabisa kwamba leiomioma iliyojulikana wazi na isiyo na dalili haihitaji hata kufuatiliwa kila mwaka. Ikithibitika leiomioma na ndo inayomkwamisha, inatolewa, ama kwa matundu madogo ya kifuani ama kwa kamera inayochimba njia ndani ya ukuta wa umio na kuutoa kupitia mdomoni, inategemea ukubwa na inategemea sana nani yuko karibu nanyi mwenye uzoefu wa hiyo kazi. Ikiwa GIST mazungumzo yanabadilika, itatakiwa kutolewa nzima bila kupasuliwa ganda lake, wakati mwingine vidonge vinaanza kabla ili ipungue, na hapo naomba msikubali uamuzi wa mtu mmoja, iwe ni jopo, wa upasuaji, wa kansa, wa picha na wa maabara wakae pamoja. Na kama sindano itashindwa kutoa jibu mara mbili, kuna wakati kuutoa uvimbe wote ndo kipimo chenyewe, hasa ukiwa unakua au unasumbua. Hiyo haimaanishi mmezungushwa.

Je mna haraka kiasi gani? Kwa picha uliyonipa sio ya kukimbia usiku, wiki chache za kujipanga hazimuharibii mama, lakini sio ya kuacha mwaka upite. Haraka inaanza kama uzito unashuka bila sababu, kama sasa hata uji au maji yameanza kukwama, sauti imekuwa ya kukwaruza, au akinywa maji anakohoa kama yanaingia kwenye hewa, hapo piga simu daktari wenu muombe siku ya karibu. Akishindwa kabisa kumeza hata mate, akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, akikabwa na pumzi, mpeleke siku hiyohiyo. Na baada ya kamera au sindano, akipata homa, maumivu makali ya kifua au ngozi ya shingo ikavimba na kutoa mlio kama wa chumvi ukiibonyeza, rudini hospitali hapohapo msisubiri asubuhi, hiyo inaweza kuwa umio umetoboka.

Kwa mama ningeanza hivi: usimwambie kwamba wanatafuta kansa. Mwambie mara ya kwanza waligonga mlango wakaona ukuta wa nje ni mzuri, ila mwenye nyumba hawajaonana naye, na kuna uwezekano mkubwa ni mtu wa amani. Mwambie atalala usingizi. Muulize pia anachoogopa hasa ni nini, maana mara nyingi mzazi akigoma kipimo sio sindano anayoogopa, ni kuwasumbua nyie. Siku ya kwenda chukueni ripoti ya kamera ya kwanza na picha zake, majibu ya maabara yenyewe sio maelezo ya mdomo, na kama maabara bado imetunza vile vinyama omba viwe tayari kuangaliwa tena. Orodha ya dawa anazotumia iwepo, hasa za kuzuia damu kuganda, za presha na za sukari, na zile za kuzuia damu kuganda asiache mwenyewe, daktari ndo atasema ziachwe siku ngapi kabla. Mpaka siku hiyo ifike ale taratibu, nyama ikatwe ndogondogo, atafune mpaka ilainike, anywe maji katikati, na asilale papo hapo akishakula.